Nyumba Isiuzwe kwa Bei ya Shida

Katika mitaa ya Korogwe, na vivyo hivyo katika mji wa Handeni, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mpita njia hukutana na maandishi ya namna mbili juu ya kuta za nyumba. Maandishi ya kwanza hutangaza kwamba nyumba hii inauzwa, na chini yake huwekwa namba ya simu. Maandishi ya pili hutangaza kwamba nyumba hii haiuzwi. Haya ya pili huandikwa kwa rangi nyekundu iliyokolea, kwa sababu mwenye nyumba anahofu kwamba siku akiwa safarini au kitandani hospitalini, ndugu yake au tapeli asiyemjua atampeleka mnunuzi pale na kupokea fedha. Yale ya kwanza hupauka kwa jua na mvua mpaka tarakimu za simu hazisomeki, na nyumba ingali inangoja.

Wengi huyaona maandishi hayo kuwa ni mambo mawili mbalimbali. La hasha. Hayo ni matunda ya mti mmoja. Pale ambapo mtu analazimika kuuandika ukuta wake ili nyumba isiuzwe na asiye mwenyewe, ndipo hapo hapo mwenye nyumba halali anapokosa mnunuzi, kwani mnunuzi naye ameusoma ukuta wa jirani, ameingiwa na shaka, na ameamua kubaki na fedha zake.

Ni kweli kwamba wanunuzi wenyewe ni wachache, na uchache huo una historia yake. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge ya Magunga, Ngombezi na kwingineko yakaupa mji watu na fedha. Makarani, madereva, mafundi wa mitambo na wafanya biashara walijenga nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati, wakaishi katika vyumba viwili na kupangisha vinne. Mwaka 1964 nchi nzima ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kamba za nailoni zikaingia katika soko la dunia, bei ikaanguka, na kufikia miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yamepungua hadi chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Treni ya abiria nayo ikasimama; haikurudi katika njia ya Moshi mpaka Desemba 2019. Mji uliojengwa kwa mshahara wa mkonge ukabaki na nyumba nyingi kuliko watu wenye uwezo wa kuzinunua. Watoto wa wajenzi wale wako Tanga, Arusha na Dar es Salaam, na nyumba ya baba huonekana kwao kuwa kumbukumbu wakati wa sikukuu na mzigo wakati wa kuezua bati lililooza.

Handeni ina mkasa wake, nao ni maji. Mtu anayetaka kununua nyumba katika mji huo haanzi kuuliza idadi ya vyumba, bali huuliza maji yanatoka wapi. Mradi mkubwa wa kuvuta maji kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe ulijengwa katika miaka ya 1970, lakini mabomba yalichakaa na watu waliongezeka, na kwa miaka mingi ndoo ya maji ikawa bidhaa ya kusafirishwa kwa baiskeli na pikipiki. Ndiyo maana nyumba yenye tangi la kukinga maji ya bati huweza kuuzika mapema kuliko nyumba kubwa zaidi isiyo nalo. Mwaka 2022 Serikali ilitia sahihi mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, na Handeni na Korogwe zimo. Lami kati ya Korogwe na Handeni, iliyowekwa katika miaka ya 2010, nayo iliitoa Handeni katika upweke wa masika. Mambo hayo mawili, maji na barabara, yanaongeza thamani ya nyumba kuliko rangi yoyote inayopakwa ukutani siku mnunuzi anapotarajiwa.

Hata hivyo bei katika wilaya hizi haitulii. Mvua zikiwa njema na mahindi yakipata bei, wakulima wa Handeni hujitokeza kununua nyumba mjini ili watoto wakae karibu na shule za sekondari. Mvua zikikosa, watu wale wale ndio wauzaji. Inapotokea kazi kubwa, kama ile ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani linalopita katika wilaya hizi, wenye nyumba hupandisha kodi na bei mara moja, wakidhani kwamba wageni watakaa daima. Kazi za ujenzi huisha, na wafanyakazi wake hufunga virago. Aliyekataa bei nzuri wakati wa neema huja kuitafuta bei hiyo hiyo baada ya mwaka mmoja, asiione.

Lakini msimu mbaya peke yake haumfilisi mtu, kwa maana nyumba haiozi kama nyanya. Mwenye nyumba anaweza kungoja, anaweza kupangisha vyumba, anaweza kurekebisha choo na kungoja tena. Anayefilisika ni yule asiyeweza kungoja, na huyu ndiye anayestahili kuzungumzwa. Mfikirie mtumishi aliyestaafu ambaye mkewe anahitaji matibabu mbali na nyumbani. Mfikirie mjane ambaye ada ya mtoto imefika na shamba halikutoa kitu. Watu hawa hawapangi bei. Shida ndiyo inayopanga bei. Habari ya shida yao hufika sokoni kabla yao, na mnunuzi mwenye fedha hukaa kimya wiki ya kwanza na ya pili, akijua kwamba katika wiki ya tatu muuzaji ataomba mwenyewe. Hapo ndipo nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi, tofali moja moja, inapokwenda kwa fedha isiyotosha kununua bati na mbao zake.

Kwa kuwa mnunuzi wa kijijini na wa mji mdogo hununua kwa fedha taslimu, mara nyingi hutoa arubuni na kuahidi kulipa iliyobaki kwa mafungu. Hili si kosa. Kosa ni kumkabidhi ufunguo siku ya arubuni. Akishaingia na godoro lake na watoto wake, fungu la pili huchelewa, la tatu husahaulika, na muuzaji hugeuka kuwa mdai anayebisha hodi katika nyumba yake mwenyewe. Dalali aliyewakutanisha huwa amekwisha chukua chake. Haifai kumlaani dalali kwa jumla, kwani naye anafanya kazi na wako walio waaminifu. Lakini dalali anayemwambia muuzaji bei moja na mnunuzi bei nyingine, akaweka katikati mfukoni, huyo ni mlanguzi kama walanguzi wengine.

Sasa, ni kitu gani kinachoweza kumpa mnyonge nguvu ya kungoja, au kumpa mnunuzi moyo wa kulipa bei inayostahili? Kitu hicho ni karatasi. Nyumba yenye hati inaweza kununuliwa kwa mkopo wa benki, na mwenye hati anaweza hata kukopa kwa dhamana yake badala ya kuuza. Nyumba isiyo na hati inaweza kununuliwa na mwenye fedha mkononi tu, na watu wa namna hiyo katika mji kama Korogwe wanafahamika kwa majina, nao wanafahamiana. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1972 ili kuwakopesha wananchi wajenge, ilifungwa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba iliyokuja baada ya sheria ya mwaka 2008 inadai hati, nayo kwa hiyo humfikia aliye katika kiwanja kilichopimwa na kumruka jirani yake aliye hatua kumi kutoka hapo.

Zaidi ya hati ya kiwanja, ziko karatasi nyingine ambazo wananchi huzidharau mpaka siku ya mauzo. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo ndiyo mlango wa karibu. Familia ambayo baba alifariki miaka mingi iliyopita bila mirathi kufunguliwa haina cha kuuza ila ugomvi. Vilevile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikumruhusu mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wanaume wengi hulisikia jambo hili kwa mara ya kwanza mbele ya wakili, na hukasirika, kana kwamba sheria ilitungwa juzi. Na kwa wale ambao nyumba zao ziko katika ardhi ya kijiji, kama walivyo wengi nje ya miji hii miwili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji iridhie. Barua ya mwenyekiti mmoja iliyoandikwa jioni nyumbani kwake siyo ridhaa ya Halmashauri.

Wako wanaosema kwamba masharti haya ndiyo yanayolifanya soko lizidi kulala. Hoja hiyo ina ukweli mdogo ndani yake. Kufuatilia karatasi kunachukua siku, nauli na ada, na ofisi inayomwambia mzee kutoka Kwamsisi arudi Jumatatu ijayo kwa ajili ya muhuri mmoja inastahili lawama. Lakini sharti lililofuatwa mapema halichelewishi kitu. Linalochelewesha ni sharti linalogunduliwa mnunuzi akiwa amekwisha kaa mezani.

Ifahamike pia kwamba thamani ya ardhi yenyewe ni jambo ambalo sheria za nchi zilichukua muda mrefu kulikubali. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, muuzaji alihesabiwa kuwa anauza maendelezo, yaani jengo na miti, na siyo ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitamka kwamba ardhi ina thamani. Lakini mzee aliyejenga mwaka 1975 bado huhesabu tofali na bati tu anapotaja bei, na kukisahau kiwanja kilicho karibu na kituo cha mabasi, ambacho ndicho hasa mnunuzi anachokitaka. Huvunja nyumba siku ya pili.

Kodi nayo isiwe kitisho cha kuwafanya watu waandikishe bei ya uongo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilimsamehe mtu anayeuza nyumba aliyoimiliki na kuishi mwenyewe kwa miaka 3 au zaidi, mradi faida yake isizidi shilingi milioni 15. Muuzaji na aende akaulize katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kuweka sahihi, asiulize kwa dalali. Anayeandika bei ndogo kukwepa kodi hujifunga mwenyewe, kwa sababu mnunuzi akikataa kumaliza deni, mkataba utakaosomwa mahakamani ni huo wenye bei ndogo.

Halmashauri za Handeni na Korogwe, za miji na za wilaya, zina wajibu ambao hauhitaji fedha za wafadhili. Zipime viwanja vya watu waliokwisha jenga kabla ya kupima viwanja vipya vya kuuza. Zitenge siku maalumu ya kila wiki kwa mambo ya mauziano, ili ofisa wa ardhi, mthamini na mwanasheria wapatikane mahali pamoja na mwananchi asizungushwe. Na zibandike katika mbao za matangazo za mitaa bei zilizolipwa hasa kwa nyumba na viwanja katika miezi iliyopita, bila kutaja majina ya watu, ili mjane anayeambiwa kwamba nyumba yake haina bei aweze kutembea mpaka kwenye ubao huo na kusoma mwenyewe.