Daftari la Karani: Kabla Sijaandika Jina Lako kwa Safari ya Namugongo



Kila mwaka, Pasaka ikiisha, mlango wa ofisi yetu ya parokia haufungwi. Watu hawaji kuandikisha ubatizo, wala hawaji kutangaza ndoa. Waja na neno moja tu: "Karani, niandike kwa Namugongo." Nami hufungua daftari, huandika jina, huhesabu fedha, hutoa stakabadhi. Kazi yenyewe ni nyepesi, na kwa muda mrefu niliifanya bila kufikiri sana. Leo nataka nikusimulie kwa nini siku hizi, kabla ya kuandika jina, nauliza maswali mawili.

Lakini kwanza tuseme habari za njia yenyewe, maana wengi waijua Namugongo kwa jina tu.

Sisi wa upande huu wa ziwa tunavuka mpaka Mutukula, tunapita Masaka, tunafika Kampala kwa basi. Ni safari ya zaidi ya kilometa 200 toka mpakani. Wako Wakristo wanaokwenda kwa miguu toka kwao mpaka Namugongo, siku nyingi barabarani, nao twawaheshimu sana. Kundi letu lina wazee na akina mama wengi, kwa hiyo Baba Paroko alipanga hivi: twende kwa basi mpaka Kampala, kisha siku moja nzima tutembee kwa miguu katika njia waliyopitishwa Mashahidi, toka Munyonyo mpaka Namugongo, tukiwa na kiongozi.

Utauliza, kiongozi wa nini? Njia si ipo? Ndugu msomaji, njia ipo, lakini imefunikwa. Mahali palipokuwa na vichaka na mashamba mwaka 1886, leo pana nyumba, maduka, magari na pikipiki zisizo na idadi. Ukipita peke yako utaona mji tu. Kiongozi wetu, mwalimu wa dini wa kule aliyejua Kiswahili vizuri, alitushika mkono kama mtu anayewaonyesha wageni makaburi ya jamaa yake. Kila kituo alifanya mambo matatu: alieleza habari kwa maneno machache, tukasali fungu moja la Rozari, kisha tukatembea kimya mpaka aliporuhusu nyimbo.

Tulianza Munyonyo, karibu na ziwa. Hapo Kabaka Mwanga alikuwa na makao yake siku zile za Mei 1886. Alikasirika kuona vijana wa nyumba yake wanamweka Mungu juu yake, na tena wanakataa kumtii katika mambo machafu. Tarehe 25 Mei alimkuta Dionisi Ssebuggwawo, kijana aliyekuwa akimfundisha mwenzake dini, akamchoma kwa mkuki. Kesho yake Dionisi akauawa. Usiku ule ule, Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana, aliwabatiza wale waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Mmojawapo alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Hebu fikiri, wewe baba na wewe mama: miaka 14. Tarehe 26 Mei, hapo hapo Munyonyo, aliuawa pia Andrea Kaggwa.

Toka hapo vijana walifungwa wakaanza kupelekwa Namugongo. Wauaji walikuwa na desturi ya kuua mmoja mmoja njiani. Ttakajjunge aliuawa Ponsiano Ngondwe. Nakivubo, tarehe 27 Mei, aliuawa Atanasi Bazzekuketta. Leo Nakivubo ni katikati ya mji, mahali pa soko na mabasi. Kiongozi alitusimamisha pembeni, watu wakitupita na mizigo yao, akatuonyesha upande wa soko kubwa ambalo jina lake ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Ni jina la Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa karibu na hapo tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza miongoni mwa Mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Maelfu hununua nguo na viazi chini ya jina lake kila siku. Sijui ni wangapi wanaomkumbuka, lakini tangu siku ile mimi namkumbuka kila niingiapo sokoni, hata soko letu dogo la Jumamosi.

Katika kilima cha Old Kampala alikatwakatwa Matia Mulumba, mtu mzima mwenye nyumba yake, akaachwa afe peke yake. Alikufa baada ya siku tatu. Na mahali paitwapo Lubawo aliuawa Gonzaga Gonza. Hapo kiongozi wetu alisema jambo ambalo sitalisahau. Alisema Gonzaga aliuawa pale kwa sababu miguu yake ilikuwa imeumizwa na minyororo, hakuweza kuendelea. Msafara ule wa wauaji ulikuwa na sheria moja: asiyeweza kutembea anauawa. Kisha akatugeukia akasema, "Msafara wetu una sheria nyingine: asiyeweza kutembea anangojwa." Na kweli, siku nzima alimweka mbele mzee wetu mwenye goti bovu, akatukataza vijana kumpita. Mwendo wa mzee ndio uliokuwa mwendo wa wote.

Tuliingia Namugongo jua linashuka. Hapo ndipo wafungwa walingojeshwa kwa wiki moja kuni zikikusanywa. Alhamisi tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, walifungwa katika mikeka ya matete wakachomwa moto. Karoli Lwanga alitengwa akachomwa peke yake, polepole, mahali ambapo leo ipo altare ya kanisa. Kanisa lile lina umbo la nyumba ya msonge, nalo lina nguzo 22 kwa hesabu ya Mashahidi Wakatoliki. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda. Ndugu zetu Waanglikana nao wana Mashahidi wao waliokufa pamoja na hao, na mahali pao pa sala si mbali.

Wala usidhani kwamba ni habari za nchi ya watu wengine. Mapadre waliowafundisha walitoka Bagamoyo, wakapita Tabora, wakavuka ziwa kwa mitumbwi toka upande wa Mwanza. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Buganda tarehe 17 Februari 1879. Mwaka 1882 mapadre walipoona hatari walirudi Bukumbi, kule Mwanza, wakakaa mpaka mwaka 1885. Miaka ile waumini wa Buganda walibaki bila padre, na imani haikufa, maana walifundishana wenyewe. Basi imani ile ilipita kwa miguu katika ardhi yetu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Katika kundi letu alikuwako mama mmoja mjane. Sitataja kigango chake. Alikuja ofisini wiki ya pili baada ya Pasaka, akafungua pindo la kanga, akaweka fedha mezani, kamili, noti zimekunjwa vizuri. "Karani, mwanangu, niandike." Nikamwandika. Nikampa stakabadhi. Nilifurahi hata nikamwambia, "Mama, hongera, wewe hukopi kama wengine." Naona aibu kuandika maneno hayo leo.

Siku ile ya kutembea alikuwa mchangamfu toka Munyonyo, akianzisha nyimbo. Lakini tulipopumzika baada ya Lubawo nilimwona amekaa mbali, analia. Nilidhani ni miguu. Nikampelekea maji. Akaniambia, "Si miguu. Nimekuja na ada ya mtoto."

Basi akanisimulia. Mwaka uliotangulia kijana wake aliugua sana, hata akakata tamaa. Usiku mmoja aliweka nadhiri: mtoto akipona, atakwenda Namugongo kwa Mtakatifu Kizito kushukuru. Mtoto akapona. Pasaka ilipofika fedha aliyokuwa nayo ni moja tu, ada ya muhula wa Julai. Akaona moyoni kwamba ahadi kwa Mungu yatangulia ahadi kwa shule. "Nikasema Mungu atajua la kufanya. Lakini leo, huyu kiongozi aliposema asiyeweza kutembea anangojwa, nimeona uso wa mwanangu. Nani anamngoja yeye?"

Sikuwa na jibu. Tulimaliza njia, tukahudhuria Misa ya tarehe 3, tukateka maji, tukarudi nyumbani. Julai ilipofika, kijana alikaa nyumbani wiki tatu, mpaka kahawa ilipouzwa na mjomba wake alipoongeza kilichopungua. Wiki tatu si kufa, utasema. Lakini yeye ni kijana wa kidato cha pili mwenye mtihani mbele yake, na kila asubuhi aliwaona wenzake wakipita na madaftari. Nilikwenda kumwona. Hakumlaumu mama yake hata kidogo. Aliniuliza tu, "Karani, kama angekuuliza, ungemwambiaje?" Swali lile lilinichoma, kwa sababu mama hakupaswa kuniuliza. Mimi ndiye niliyepaswa kumwuliza yeye.

Nikaenda kwa Baba Paroko. Hakunigombeza. Alinikalisha akanifundisha, nami nakupa kama nilivyopokea.

Nadhiri, alisema, ni jambo zito, si maneno ya mchezo. Lakini Sheria ya Kanisa yasema nadhiri sharti iwe juu ya jambo jema, tena linalowezekana, tena lililo bora kuliko kinyume chake. Mungu hapokei zawadi iliyochukuliwa katika sahani ya mtoto. Tena, Kanisa ni mama, limeweka mlango. Mtu aliyeweka nadhiri yake binafsi aweza kuibadili mwenyewe kwa tendo jema lililo sawa nayo au bora zaidi. Na akitaka kuibadili kwa tendo dogo zaidi, au kufunguliwa kabisa, aende kwa Paroko wake. Kukiwa na sababu ya haki, Paroko ana uwezo wa kumfungua muumini wake. "Yule mama," alisema Padre, "angekuja kwangu, ningemaliza jambo lake katika dakika kumi. Lakini hakujua. Na hakujua kwa kuwa hatukumfundisha."

Kisha akanikumbusha jinsi Bwana wetu, katika Injili ya Marko sura ya 7, alivyowakemea watu waliosema mali yao ni korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Mama yetu hakuwa na hila kama wale. Alikuwa na upendo na hofu. Lakini haki ya mtoto ni ile ile.

Ndiyo maana, msomaji mpendwa, siku hizi ukija ofisini nitakuuliza maswali mawili. La kwanza: "Fedha hii imetoka wapi, na nani nyumbani alikuwa anaingojea?" La pili: "Je, una nadhiri?" Usikasirike. Sikupelelezi. Kama fedha ni ya ada, ya dawa au ya deni, nitaifunga tena katika kanga yako, na kama kuna nadhiri nitakupeleka kwa Padre kabla hujaketi. Kama fedha ni yako kweli, nitakuandika kwa furaha, nami nitakuambia haya: tengeneza hati yako ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mapema, usingoje Mei. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, si vipya. Beba mzigo mdogo. Na umsikilize kiongozi, hata anapokuambia unyamaze.

Na wewe usiyeweza kwenda? Mwaka huu Baba Paroko amekubali kwamba alfajiri ya tarehe 3 Juni, wale wanaobaki watembee toka vigango vyao mpaka kanisa la parokia, wakisali njiani, na Misa iwe saa nne. Kila kundi litakuwa na mwalimu wa dini wa kuliongoza, naye ataeleza habari za Mashahidi kila mahali pa kupumzika. Sheria ya mwendo ni ile ile tuliyoipata Lubawo.

Yule mama amekwisha andika jina lake kwa msafara huo wa hapa nyumbani. Alikuja na kijana wake. Kijana ndiye aliyeshika kalamu.

Tumsifu Yesu Kristo.

Ni mimi, Karani wenu.