Jua Moja, Bahari Mbili

Wasomaji wetu, mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mito iendayo ndani ya bahari, yaani mikondo. Mkondo utokao pande za Ikweta huitwa mkondo wa joto, nao utokao pande za baridi kuja Ikweta huitwa mkondo wa baridi. Si kwamba ule wa kwanza wachemka, la. Maji yake yana joto kuliko bahari iliyo kando yake, basi.

Fungueni ramani mtazame Afrika ya Kusini. Durban uko pwani ya mashariki, Port Nolloth pwani ya magharibi. Miji yote miwili iko mbali na Ikweta karibu sawasawa, na jua lao ni moja. Lakini Durban hupata mvua kama milimita 1,000 kwa mwaka, na miwa yasitawi. Port Nolloth haupati hata milimita 100. Kwa nini?

Mashariki hupita mkondo wa Agulhas, ulio wa joto. Maji yake hutoa mvuke mwingi, na pepo huuchukua hata nchi kavu, ukawa mvua. Magharibi hupita mkondo wa Benguela, ulio wa baridi. Hewa ipitayo juu yake hupoa, isiweze kupanda na kufanya mawingu ya mvua, ila ukungu tu. Ndiyo maana jangwa la Namib lafika ukingoni mwa bahari.

Je, tuseme mkondo wa baridi hauna faida? Hasha! Pepo husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya vilindini hupanda mahali pake, yakileta rutuba. Kwa rutuba hiyo humea mimea midogo sana. Dagaa hushiba, na samaki wakubwa, ndege na watu hushiba kwa dagaa. Nchi kavu ina njaa, bahari ina karamu.

Lakini hata karamu ina mwisho. Mwaka 1968 wavuvi walitoa dagaa zaidi ya tani milioni moja katika bahari ya nchi iitwayo sasa Namibia. Haikupita miaka mingi dagaa wakaadimika, na viwanda kadha vya Walvis Bay vikafungwa. Mkondo haukukoma kuleta rutuba. Watu ndio waliovua kupita kiasi.

Waalimu, waulizeni watoto: pwani ipi ni bora? Atakayejibu, na aseme kwanza kama ataka kulima au kuvua.