KONA YA MWALIMU: Mti wa watu wote una mwenyewe

Mwezi huu tuongee juu ya jambo linaloingia kila jikoni: kuni, na sheria ndogo za kijiji zinazolinda miti.

Kila siku wamama na wasichana wanatoka na panga na kamba. Wakirudi tunawauliza, "Mmepata?" Hatuwaulizi wamekata wapi, wala mti ulikuwa wa nani. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wengi wetu husema, "Ule mti uko porini tu, hauna mwenyewe." Si kweli, ndugu zangu. Hapa West Nile sehemu kubwa ya ardhi ni ya ukoo. Hata viwanja tulivyogawiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) viko kwenye ardhi ya wenyeji. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinaturuhusu kulima, lakini haturuhusiwi kuuza ardhi wala kuikodisha. Mti mkubwa ulio kiwanjani kwako ulikuwepo kabla yako, na ukiondoka utaachiwa wengine.

Na ile miti ya kisimani, ya kando ya mto, ya njiani, ule wa kivuli ambapo watu hukaa mkutano? Hiyo ni ya watu wote. Mti wa watu wote una mwenyewe, na mwenyewe ni kijiji kizima.

Tuangalie ukubwa wa shida. Mwaka 2017 mashirika ya FAO na UNHCR walipima kuni kule Bidibidi, kwa majirani zetu wa Yumbe. Waliona mkimbizi mmoja anatumia karibu kilo tatu na nusu kwa siku. Piga hesabu: familia ya watu saba ni zaidi ya kilo 700 kwa mwezi! Sasa fikiria mti wa shea, ule wa mafuta. Unaweza kuchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Mama mwenyeji anaokota mbegu zake kila msimu, anakamua mafuta, anapika, anauza, analipa shule. Ukiukata, wewe umepika siku chache, yeye amepoteza shamba la maisha.

Sheria inasemaje? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaruhusu hata baraza la kijiji kutunga sheria ndogo, mradi isipingane na katiba, sheria za nchi wala sheria za wilaya. Kwa hiyo kijiji kinaweza kusema: mto huu haukatwi miti, mti huu haukatwi kabisa. Anayevunja anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya LC, kwa Sheria ya Mahakama za LC ya mwaka 2006. Mahakama hiyo inaweza kutoza faini, kuagiza fidia au kazi ya kijiji. Haiwezi kufunga mtu jela. Na hakuna sheria ndogo inayompa mtu ruhusa ya kumpiga msichana porini, kumnyang'anya panga au kumdhalilisha. Hilo wenyeji na sisi tulielewe sawasawa.

Pia kuna amri ya Rais namba 3 ya mwezi wa tano 2023, iliyokataza kuchoma makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda, pamoja na West Nile. Kijana anayesema "nachoma magunia machache tu ya kuuza" ajue anacheza na sheria kubwa kuliko ya kijiji.

Shida yetu ni hii. Sisi hatuko kwenye LC1, tuna kamati zetu za RWC. Ni rahisi sheria ikapitishwa upande mmoja wa barabara, na wanaotafuta kuni wakawa upande wa pili bila habari. Mama anasikia sheria kwa mara ya kwanza siku anapokamatwa. Sheria ya namna hiyo inaleta faini na uchungu, miti haiponi.

Kuna mfano mzuri Tanzania. Katika wilaya ya Babati kuna msitu wa Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake. Wanakijiji walikataa, wakasema wataulinda wenyewe. Vijiji vinane vikagawana msitu, kila kijiji kikaandika sheria zake na kuchagua walinzi wake, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha. Walipanga mambo kwa mafungu: matumizi yaliyo huru, yanayohitaji kibali, na yaliyokatazwa kabisa. Msitu ukaanza kupona. Kilichosaidia ni kwamba waliotumia msitu ndio walioandika sheria.

Basi sisi tufanye nini? Tuombe RWC wetu wamwendee mwenyekiti wa LC1, wazee wa ukoo na afisa misitu, waitishe mkutano wa pamoja. Wamama wawepo na waongee, kwa sababu wao ndio wanaojua kuni ziko wapi. Sheria itakayotoka ijibu maswali haya:

1. Kuni kavu zilizoanguka zinaokotwa wapi, na siku gani?
2. Miti ipi haikatwi kabisa? Itiwe alama kila mtu aione, hata asiyejua kusoma.
3. Nani anatoa kibali cha kukata matawi, na je, ni bure?
4. Faini ni kiasi gani, inaandikwa wapi, risiti iko wapi, na pesa inafanya kazi gani?
5. Je, mwenyeji akikata, analipa sawa na mkimbizi?

Swali la tano ni la muhimu sana. Sheria inayokamata mgeni peke yake haiwezi kuishi. Na isomwe kwa lugha zote: Kakwa, Lugbara, Kiswahili, na nyingine zinazosemwa hapo.

Vijana msifikiri wenyeji hawajui maisha yetu. Baada ya 1979 watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka. Nao waliokota kuni kwenye ardhi ya watu. Waombeni wazee wawasimulie, mtasikia maneno yetu wenyewe vinywani mwao.

Pia tusisahau Septemba 2020, wakimbizi wasiopungua 10 walipouawa Rhino Camp katika ugomvi na wenyeji. Mambo kama hayo hayaanzi na mapanga. Yanaanza na maji, na kuni, na neno baya njiani. Kikao kimoja chini ya mti ni bei rahisi kuliko mazishi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumepita siku ya tatu zamani. Jembe letu ni kupanda, kutunza na kuchoma kidogo. Jiko la matope linakula kuni chache kuliko mafiga matatu, na maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva upesi.

Kazi ya nyumbani mwezi huu: kaeni kama familia, watoto wahesabu miti mikubwa iliyo karibu na nyumba na kutaja kila mmoja ni wa nani. Mkishindwa kujibu, mwulizeni mzee mwenyeji kwa heshima. Halafu leteni maswali yenu shuleni, tutayajibu katika kona hii.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea