MGONJWA WA JINO APOKEWE KAMA MTU



Twawajua wafanyakazi wengi ambao jino huwauma mwezi mzima au miezi miwili, nao hutafuna upande mmoja, huweka karafuu, humeza vidonge vya dukani, mpaka siku shavu linapovimba ndipo waende hospitali. Watu huwacheka na kuwaita waoga. Sisi hatuwacheki. Twaona kuwa woga huo una sababu, na sababu moja kubwa ni jinsi mgonjwa anavyopokewa.

Mtu afika dirishani alfajiri. Hakuna amwambiaye atangoja kwa muda gani wala atalipa kiasi gani. Akiitwa, salamu yake ni "Ulikuwa wapi siku zote?" Aambiwa afungue kinywa, na koleo laja bila yeye kuelezwa neno. Akirudi nyumbani huwasimulia jirani, nao huapa kuwa hawaendi huko mpaka wazidiwe.

Hapo ndipo hasara ilipo. Jino lenye tundu dogo huzibwa, nalo laweza kutumika miaka mingi. Likiachwa, uozo hufika ndani penye mshipa wa fahamu na usaha hukusanyika. Hapo hutakiwa matibabu ya mzizi, ambayo gharama yake wengi wetu hatuiwezi, ama jino ling'olewe. Tena dawa ya ganzi haishiki vizuri mahali palipo na usaha. Kwa hiyo aliyechelewa kwa kuogopa maumivu ndiye aumiaye zaidi, na woga wake huzidi. Wazee walisema, jino la pembe si dawa ya pengo.

Basi twataka nini? Hatuombi sadaka. Tangu Oktoba 2024 mshahara wa mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 28, yasema kila mtu ana utu wake na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa.

Kwanza, mgonjwa asalimiwe. "Karibu, Mama, jino gani lakuuma?" Aambiwe zamu yake, na bei aijue kabla ya kuketi kitini.

Pili, aelezwe kila jambo kabla halijatendwa. Dawa ya ganzi iitwayo lidokaini ilitengenezwa Sweden mwaka 1943, na leo yatumika dunia nzima. Hakuna sababu ya mtu kung'olewa jino huku akilia. Daktari angoje ganzi ishike, alijaribu jino, na kama bado lauma aongeze dawa kwa kiasi kinachofaa. Na kwa kuwa mwenye kinywa wazi hawezi kusema, wapatane ishara: akiinua mkono, kazi isimame.

Tatu, aone usalama kwa macho yake. Glavu ziwe mpya kwa kila mgonjwa, na vyombo viwe vimetoka katika mashine ya mvuke. Akiuliza habari za vyombo hivyo, asikemewe.

Nne, akitoka aambiwe aume kitambaa cha shashi kadiri ya nusu saa, asisukutue siku hiyo, asivute sigara, na arudi wapi damu isipokoma.

Wengine watasema hospitali zimejaa na watumishi ni wachache. Ni kweli, na watumishi hao ni wafanyakazi wenzetu. Karani aliyeketi dirishani tangu asubuhi bila kupumzika, au muuguzi anayehesabiwa glavu, hawezi kutabasamu kwa amri. Kwa hiyo twadai watumishi wa kutosha na vifaa vya kutosha, kwa faida yao na yetu. Lakini hata leo, kabla hayo hayajapatikana, yafaa tuambizane kuwa salamu haihitaji bajeti.

Waajiri nao wasikie. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Sheria haikusema jino si ugonjwa. Msimamizi amwambiaye mtu "Jino tu hilo, rudi kazini" amkumbuke mtu huyo anapokosea kazi kwa sababu hakulala usiku.

Na sisi wanachama tuna wajibu wetu. Twende mapema, tusingoje kuvimba. Tusiwatishe watoto kwa kuwaambia watapelekwa kung'olewa meno. Na mwanachama akinyimwa likizo ya kwenda kutibiwa, amwambie mwakilishi wake kazini siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.

Kwa niaba ya Kamati