Upya Si Udhuru

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeufundisha usemi huu kwa miaka zaidi ya thelathini, na kila mara wanafunzi walicheka, wakidhani wahenga wametia chumvi. Mtu gani, waliuliza, atakayefurahia kidonda kwa sababu tu ni kipya? Sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Leo, nikiwa mstaafu mwenye miaka sabini na kitu, nimempata mtu huyo. Ni mwenye hoteli mpya. Kidonda chake anakifurahia, tena anamtaka mgeni aliyelipa kulala juu yake akifurahie pamoja naye.

Mwaka 2023 mjukuu wetu alihitimu Chuo Kikuu cha Dodoma. Mimi na mke wangu tulipanda basi Tanga alfajiri, tukapita Chalinze na Morogoro, tukafika Dodoma jua limekwisha kuzama. Mwanetu alikuwa ametuwekea chumba katika hoteli iliyofunguliwa miezi miwili tu kabla ya hapo. Jina lake silitaji, kwa kuwa ugomvi wangu si na nyumba moja. Ilikuwa ghorofa nne za vioo, na marumaru zinazong'aa hata ukaona haya kuzikanyaga kwa viatu vya safari. Mapokezi alikuwapo binti nadhifu aliyetuamkia kwa adabu. Tukalipa shilingi 60,000 kabla ya kukiona chumba, maana ukutani kulikuwa na kibandiko: pesa ikishalipwa hairudishwi.

Kisha nikapewa kitabu cha wageni. Kila aliyesafiri katika nchi hii anakijua kitabu kile. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Nikajaza kwa mwandiko wa ubaoni, kama nilivyozoea. Nitarudi kwenye kitabu hicho baadaye.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa haijaanza kufanya kazi. Mke wangu ana maumivu ya magoti; tulipanda ngazi kwa vituo kama watu wapandao Usambara. Ndani mlinuka rangi mbichi. Bomba la mvua lilikoroma, likatema matone ya kutu, likanyamaza. Kitasa cha mlango kilizunguka bila kufunga. Chini ya dirisha letu ndipo walipoliweka jenereta.

Nilishuka ngazi zile mara tatu. Mara ya kwanza binti aliniambia, "Pole sana, mzee. Fundi anakuja." Mara ya pili, "Pole mzee, hoteli bado mpya, ndiyo kwanza tumefungua." Mara ya tatu, "Pole mzee, bosi nampigia hapokei." Saa sita za usiku aliileta ndoo moja ya maji, akiibeba mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Mke wangu akaoga kwa nusu, akaniachia nusu. Tukasukuma meza nyuma ya mlango, tukalala kama wanaolinda shamba la mahindi dhidi ya ngedere.

Mimi ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo nianze na lugha. Pole na samahani si neno moja. Pole humwendea mtu aliyepatwa na jambo ambalo wewe mwenye kusema hukulitenda: amefiwa, ameugua, amejikwaa njiani. Samahani hutoka kwa mkosaji. Aliyenikanyaga mguu akiniambia pole tu, amejitoa katika kosa na kujiunga na wapita njia. Katika hoteli hizi mpya nimeambiwa pole mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Samahani nimeisikia mara chache sana, na hutolewa na mfagizi, si na mwenye nyumba. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Aliyesema pole ameshamaliza kazi yake. Aliyesema samahani ndiyo kwanza ameianza, kwa kuwa ukishakiri kosa hapana budi ulirekebishe.

Sasa tuzitazame nyudhuru zenyewe. Ya fundi nitaipita haraka. Fundi anayekuja ni kama mvua inayonukia kwa mbali; haijazi ndoo.

Udhuru wa upya ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu watu wema huukubali. Husema, "Waache kwanza, bado wanajifunza." Wajifunze kwa nani? Katika chuo cha ualimu hatukumpeleka mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha akiwa mikono mitupu. Alikuwa na azimio la kazi na andalio la somo, na alikuwa amekwisha kufundisha mbele ya wenzake, wakamkosoa mpaka jasho likamtoka. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza hasomi darasa la kwanza mara mbili ili mwalimu apate uzoefu. Na mzee aliyekuja kumwona mjukuu wake akivishwa joho halali tena usiku ule. Hoteli ni mpya kwa mwenyewe. Kwangu mimi ni usiku mmoja, nao umekwisha.

Wala si kweli kwamba mambo haya huja kwa kushtukiza. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo baada ya mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, hoteli ziliota kama uyoga. Reli ya kisasa iliyoanza kupeleka abiria huko mwaka 2024 imeongeza wageni. Vizuri sana. Lakini Dodoma ni nchi kavu tangu enzi za mababu. Ina msimu mmoja wa mvua, na kwa miaka mingi imetegemea visima vya Mzakwe. Anayejenga ghorofa nne pale bila tangi la akiba la kutosha hakushtukizwa na ukame. Aliukuta.

Nakiri kwamba udhuru huu nami nimewahi kuutumia. Nilipokabidhiwa chuo kwa mara ya kwanza, katika miaka ya 1980, wanachuo walinilalamikia barazani kuhusu maharage yenye wadudu. Nikasimama nikasema, "Mnivumilie, mimi ndiyo kwanza nimefika." Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono. "Mkuu," akasema, "hata sisi ndiyo kwanza tumefika, na baada ya miaka miwili tutaondoka. Tutakula lini?" Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, lakini jioni ile nilikwenda stoo mwenyewe na taa ya chemli, nikafungua magunia moja moja. Tangu siku hiyo sijathubutu kumwambia mtu yeyote kwamba mimi ni mgeni kazini.

Udhuru wa tatu ni wa bosi asiyepatikana. Huu si wa kuudhi, ni wa kuhuzunisha. Binti yule alipoleta ndoo alikaa kidogo kwenye ngazi kupumzika, tukazungumza. Alikuwa mwalimu. Alikuwa na stashahada yake ya ualimu, kutoka chuo kama changu, na alikuwa amesubiri ajira miaka mitatu. Pale hotelini alikuwa na wiki mbili. Hakuna aliyemwonyesha koki kuu ya maji iko wapi. Hakuwa na ruhusa ya kutuhamishia chumba kingine, ingawa funguo za vyumba vitupu zilining'inia nyuma yake ukutani. Alichopewa ni meza, sare na neno pole.

Asubuhi saa mbili meneja alifika. Nilimweleza kwa utaratibu, kwa namba, kama ninavyoandika ripoti. Alisikiliza nusu, macho yakiwa kwenye simu. Kisha akamgeukia binti. "Mbona hukuniambia? Mzee akirudishiwa pesa, nitaikata kwenye mshahara wako." Binti, ambaye nilimwona kwa macho yangu akimpigia simu usiku, aliinamisha kichwa.

Nami nikasema, "Basi, kijana wangu, yaishe." Meneja akatabasamu. "Asante mzee kwa kutuelewa."

Msomaji, nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi. Nilimwelewa nani? Nilidhani namkinga binti wa watu. Pengine nilimkinga kwa asubuhi moja. Lakini nilimsaidia zaidi yule aliyeligeuza lalamiko langu kuwa fimbo ya kumchapia asiye na kosa, na nilimwacha mgeni wa usiku uliofuata apande ngazi zilezile kukuta bomba lilelile. Hiyo ndiyo hila yenyewe, hata kama hakuna aliyeipanga. Mgeni muungwana akiona kwamba kulalamika kwake kunamuumiza mdogo, atanyamaza. Na akinyamaza, mkubwa ataandika kwamba wageni wote wameridhika.

Sisi wazee tuna sehemu yetu ya lawama. Tuliosafiri kikazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulibeba sabuni, shuka na mshumaa ndani ya begi. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni hazikuwapo, na sabuni ilipangiwa foleni. Mgeni aliyekosa maji katika nyumba ya kulala wageni alijua kwamba mwenye nyumba naye hana. Kunyamaza wakati ule kulikuwa uungwana. Tumeubeba uungwana ule mpaka leo, mahali usipostahili. Aliyeweza kununua marumaru na kutundika televisheni pana kuliko kabati la nguo, haniambii kwamba ameshindwa kununua kitasa.

Najua watakaonijibu. Watasema mwekezaji mzawa ana mzigo wa kodi, mikopo na umeme wa mgao, na kwamba mzee kama mimi namvunja moyo mtu aliyewapa vijana kazi. Mzigo huo siukatai. Simlaumu mtu kwa bomba kuziba. Bomba huziba hata ikulu. Namlaumu kwa yale yanayofuata baada ya mgeni kusema kwamba limeziba. Na kuhusu kazi kwa vijana, kumweka binti mapokezi bila mafunzo, bila mamlaka, na kumkata mshahara kwa kosa la fundi, huko si kumpa kazi tu. Ni kumpa na kesi.

Kuhusu kile kibandiko cha ukutani, neno moja tu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyevunja mapatano amfidie aliyepata hasara. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Aliyenitangazia chumba chenye maji na kunipa chumba kikavu hawezi kuifuta sheria kwa gundi.

Mwalimu akikosoa bila kuonyesha njia, hajafundisha. Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa benki.

La kwanza, mwenye hoteli alale katika kila chumba usiku mmoja kabla ya kukiuza. Kama ana vyumba arobaini, alale siku arobaini. Aoge humo, afunge mlango humo, asikie jenereta humo. Andalio la somo la hoteli ni hilo.

La pili, aliye zamu ya usiku apewe mamlaka. Achukue ufunguo wa chumba kingine bila kumwamsha mtu, na awe na ruhusa ya kurudisha pesa ya usiku mmoja bila kuulizwa mpaka asubuhi. Tena kosa la fundi lisiingie kamwe katika mshahara wake.

La tatu ni kitabu. Shule zetu zina kitabu cha kumbukumbu ambamo mwalimu mkuu huandika matukio, na mkaguzi, ambaye siku hizi huitwa mthibiti ubora, akija hukidai. Huwezi kumwambia mkaguzi kwamba paa halivuji wakati umeandika mwenyewe kwamba linavuja. Hoteli nazo ziwe na kitabu chenye safu nne: tatizo, saa lilipoelezwa, aliyelishughulikia, saa lilipokwisha. Mwenye mali akisome kila wiki. Akikuta safu ya mwisho tupu, asimtafute binti wa mapokezi. Ajitafute mwenyewe.

Maana kitabu kilichopo sasa kinanishangaza. Kinataka kujua kabila langu. Kinataka kujua ninakotoka na ninakokwenda. Hakina hata nusu mstari wa kuuliza kama nililala.

Kwa hiyo nimekata shauri. Safari ijayo nitajaza safu zote, hata ile ya kabila. Asubuhi nitakiomba kitabu tena, nitoe rula mfukoni, nichore safu yangu pembeni, niandike kwa wino: maji hayakutoka, mlango haukufunga, binti wa mapokezi alifanya yote aliyoweza, meneja hakupokea simu. Kisha nitie sahihi. Nanyi wasomaji wangu fanyeni hivyo. Andikeni jina la aliyewatendea wema ili asiadhibiwe kwa niaba ya asiyekuwapo. Na mkiambiwa pole, jibuni kwa upole kwamba hamkufiwa. Mnasubiri samahani, na baada ya samahani, maji.