Mutu Munene na Kiti cha Ndege: Apimwe, Asichekwe

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani, mwezi huu ukurasa wetu wa usalama na afya unatoka kidogo katika shimo na kiwanda. Tunapanda ndege. Usiseme: «Ndege ni mambo ya wakubwa, mimi sina feza.» Wengi wetu tunapanda siku moja ao nyingine: mugonjwa anatumwa Kinshasa kwa munganga mukubwa, mutoto anakwenda masomo, jamaa wanakimbilia kilio. Na hata kama hujapanda bado, jambo hili linakuhusu, maana linatokea pia ndani ya bisi ya kazi na ndani ya kaje.

Sikiliza kwanza habari hii. Mwaka uliopita nilisafiri kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa. Karibu nami aliketi mama mumoja munene, wa umri wa mama yangu mudogo, amevaa vitenge vizuri vya safari. Akavuta mukaba wa kiti, haukufika. Akavuta tena, haukufika. Kijana mumoja nyuma yetu akasema kwa sauti: «Huyu angelipa tikiti mbili!» Watu wakacheka. Mama akanyamaza. Akatwaa kitenge cha juu, akafunika magoti yake pamoja na mukaba uliokuwa wazi. Mutumishi wa ndege alipopita kuangalia, aliona kitenge tu, akaenda zake. Ndege ikaruka, na mama yule hakufungwa na kitu chochote.

Na mimi? Mimi ninayewaambia ninyi kila siku: «Vaa kaske, funga mukaba, usione haya kumwambia mwenzako,» nilinyamaza kama wengine. Tulipoingia katika mawingu ndege ikaanza kutikisika. Mama akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, jasho likimutoka. Ndipo nikamwita mutumishi polepole na kumwambia sikioni. Akaleta kipande cha kuongeza mukaba. Kazi yote ilitwaa dakika moja. Mama akaniambia: «Mwanangu, kumbe kitu hiki kipo? Mimi nilizani wataniteremusha.»

Maneno hayo sijayasahau. Mama yule hakuogopa kuanguka. Aliogopa kuchekwa na kuteremushwa. Haya ilikuwa na nguvu kuliko hatari. Kwa sababu hiyo ninaandika leo.

KITI KIMEPUNGUA, MUTU AMEONGEZEKA

Tuanze na kiti chenyewe. Katika ndege nyingi kiti cha bei ndogo kina upana wa sentimetre 43 mpaka 46 hivi. Twaa metre ya fundi serimala, pima mabega ya mwenzako mwenye nguvu, utaona. Na nafasi kutoka kiti hata kiti imepungua. Zamani ilikuwa karibu sentimetre 89. Leo mara nyingi ni 79, na kampuni fulani za bei ndogo zimefika 71. Sababu ni hesabu ya duka: ukisogeza viti, unapata mustari mumoja zaidi wa kuuza.

Wakati ule ule watu wameongezeka unene katika dunia nzima. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba katika mwaka 2022 mutu 1 katika watu 8 alikuwa na unene wa kupita kiasi. Hao ni zaidi ya bilioni 1. Basi kiti kinakwenda upande huu, mwili unakwenda upande ule.

Kule Marekani chama cha wasafiri kilipeleka jambo hili mbele ya waamuzi. Katika mwaka 2017 waamuzi wa Washington waliambia serikali ya ndege ilijibu vibaya, irudie kuangalia kama viti vidogo havizuii watu kutoka upesi wakati wa moto. Maana sheria inataka watu wote watoke katika sekunde 90, hata kama nusu ya milango imefungwa. Katika mwaka 2018 wabunge wao waliamuru kipimo cha chini cha kiti kiwekwe. Miaka ikapita bila kipimo kuwekwa. Unaona, ndugu: musafiri anapimwa, lakini kiti hakipimwi.

NANI ALIPE KITI CHA PILI?

Kampuni za ndege hazina mwendo mumoja. Kule Marekani kampuni Southwest ilisema tangu zamani: ukishindwa kushusha vyuma vya kuwekea mikono pande zote mbili, ununue viti viwili. Kwa miaka mingi feza za kiti cha pili zilirudishwa baada ya safari. Tangu tarehe 27 Januari 2026 wamekaza: haitoshi kuomba, ndege lazima iwe iliondoka na kiti kitupu, na kuna masharti mengine juu yake. Kampuni hiyo hiyo, katika Februari 2010, iliteremusha mutengenezaji wa filme Kevin Smith pale Oakland, naye alikwisha kuketi kitini. Alikuwa mutu wa jina, akalalamika mbele ya dunia nzima, kampuni ikaomba musamaha. Lakini jiulize: ni wangapi wasio na jina walioteremuka kimya?

Katika visiwa vya Samoa, mwaka 2013, kampuni moja ya ndege ndogo iliuza tikiti kwa kilo: ulipanda juu ya mizani pamoja na muzigo wako, ulilipa kama gunia la bunga.

Wakanada walitwaa njia nyingine. Katika Januari 2008 baraza lao la usafiri liliamuru kampuni kubwa, katika safari za ndani ya inchi: mutu mumoja, tikiti moja. Mutu ambaye unene wake umekuwa kilema, ao mugonjwa anayehitaji musaidizi karibu naye, asilipishwe kiti cha pili. Kampuni zilikwenda mpaka mahakama ya juu kabisa, nayo ikakataa kusikiliza shauri lao katika Novemba ya mwaka ule ule.

Mimi ninasema Wakanada wana haki. Najua utanijibu nini: «Na mimi ninayeketi karibu naye? Nimelipa kiti kizima, ninapewa nusu.» Neno lako ni la kweli, silifichi. Saa mbili za kubanwa si muchezo. Lakini nani aliyekuuzia nusu kiti? Si mama munene. Yeye amelipa kama wewe. Ni mwenye ndege aliyepima viti kwa kutazama sanduku la feza, kisha akaacha ninyi wawili mugombane juu ya chuma cha kuwekea mukono. Yeye anajua kwamba kila siku watapanda watu wanene, kama anavyojua watapanda watoto na wazee. Basi aweke nafasi mbele, amuulize musafiri kwa siri, ampange kando ya kiti kitupu kikiwapo. Hiyo ndiyo kazi ya shefu: kupanga kabla, na kuzuia watu wasipigane nyuma.

UZITO SI MUCHEZO

Lakini sikilizeni vema. Kusema «musicheke» si kusema «musipime». Uzito ni jambo la usalama kabisa, na sisi wa mugodi tunalijua kuliko wengine.

Tarehe 8 Januari 2003, pale Charlotte, Marekani, ndege ndogo ilianguka mara tu ilipoondoka. Watu 21 walikufa. Uchunguzi ulionyesha mambo mawili pamoja: kamba ya chuma inayoongoza mukia ilitengenezwa vibaya, na ndege ilikuwa nzito kuliko hesabu, uzito ukiwa nyuma mno. Hesabu ilifuata kilo za kukadiria, za zamani, na wasafiri wa siku ile walizipita. Baada ya ajali wakubwa wa ndege walipandisha makadirio yale.

Kwetu wenyewe, tarehe ileile ya 8 Januari, lakini mwaka 1996, ndege iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuruka pale Ndolo, ikaingia katika soko la Simbazikita la Kinshasa. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi mama na watoto waliokuwa wanauza na kununua. Haikuwa mutu munene aliyeangusha ndege ile. Ilikuwa muzigo ambao mwenye kupakia hakutaka kuuheshimu.

Na pale Bandundu, Agosti 2010, ndege ndogo ilianguka ikikaribia kutua. Kati ya watu 21 alipona mumoja tu. Yeye alieleza kwamba mamba aliyefichwa katika mufuko alitoka, wasafiri wakakimbilia mbele wote pamoja, ndege ikapoteza usawa wake. Hivyo uzito una mambo mawili: ni kilo ngapi, na ziko wapi.

Je, mutu anaweza kupimwa bila kuharibiwa heshima? Ndiyo. Katika mwaka 2023 kampuni ya ndege ya New Zealand ilipima wasafiri wa kujitolea kule Auckland ili kurekebisha makadirio yake. Namba haikuonyeshwa mbele ya watu, na jina halikuandikwa. Katika mwaka 2024 kampuni ya Finlandi ilifanya vilevile pale Helsinki. Mizani ilifanya kazi yake, na hakuna aliyechekwa. Mizani haina mudomo. Ni sisi tunaoipa mudomo.

NA SISI HAPA KAZINI?

Angalia kaje, lile sanduku la chuma linaloshusha watu chini. Kibao chake kinasema watu wangapi na kilo ngapi. Idadi ya watu imehesabiwa kwa mutu wa katikati. Ekipe ikiwa na watu wazito, na bote, na taa, na vyombo mukononi, ni kilo zinazosema neno la mwisho, si idadi. Vilevile mukaba wa kufanyia kazi juu: kila mumoja una kilo zake zilizoandikwa. Mwenye kilo 120 akivaa mukaba wa kilo 100, amevaa urembo tu.

Sasa fikiri. Mwenzako munene unamucheka kila asubuhi katika bisi: «Sogea, gari litapinduka!» Siku ya kugawa mikaba utamutegemea aseme uzito wake wa kweli? Hatasema. Atatwaa mukaba uliopo, aufunike na koti, kama mama yule na kitenge chake. Siku ya munganga kupima wafanyakazi atasema ana kuhara. Na ugonjwa wa sukari na damu kupanda vitamukuta peke yake, katika giza.

Tena tuna vinywa viwili. Nyumbani tunasema: «Bibi yake amenenepa, bwana anamutunza vema.» Bibi akikonda, jamaa wanaanza kunongona. Kisha bibi huyo huyo akiingia katika ndege, tunamucheka. Tuchague neno moja. Unene si sifa ya ndoa, wala si kosa la kuhukumiwa. Ni jambo la afya, la kuzungumuza na munganga mulango ukiwa umefungwa.

UKISAFIRI, KUMBUKA HAYA

1. Kabla ya kununua tikiti, uliza kampuni sheria yake juu ya kiti cha pili. Ni afazali kujua mbele ya duka kuliko kujua mbele ya ndege.

2. Ukiingia, mwambie mutumishi polepole: «Nahitaji kipande cha kuongeza mukaba.» Kipo, na hakilipwi. Usifunike mukaba ulio wazi na kitenge, koti ao mutoto.

3. Katika ndege ndogo wakikuuliza kilo zako, sema kweli, pamoja na muzigo wa mukononi. Usibadili kiti bila ruhusa.

4. Safari ikipita saa nne, damu inaweza kuganda katika miguu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mutu munene, kwa mwenye mimba, na kwa aliyepasuliwa karibuni. Simama, tembea, zungusha visigino, kunywa maji. Bia haihesabiwi kama maji. Ukiwa na mashaka, pita kwa munganga kabla ya kusafiri.

5. Ukibanwa na jirani yako, usimufokee. Mwite mutumishi, umuombe kiti kingine kwa sauti ndogo.

6. Wewe baba na wewe mama, mutoto akimucheka mutu munene katika njia, mukatazeni palepale. Anayejifunza kucheka leo ndiye atakayenyamaza kesho mwenzake akiwa hajafungwa.

Tulipotua Kinshasa, mama yule alikunja kile kipande cha mukaba vizuri, akakirudisha kwa mikono miwili kama mutu anayerudisha chombo cha jirani. Akaniaga kwa heshima. Niliona haya, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya dakika zile zote nilizokaa kimya.

Ndugu musomaji, kesho asubuhi utaketi katika bisi karibu na mutu. Mwangalie vema: amefungwa? Kama hajafungwa, mwambie, tena mwambie polepole.

USALAMA HAUCHAGUI MWILI: MUNENE AO MWEMBAMBA, KILA MUTU ARUDI NYUMBANI.