WAZUNGU WAKILALA GARINI NI MAPENZI, WABONGO NI WIVU?

Wazungu wawili wakipita Nyakanazi na gari lao la kulala, wakakaanga mayai kando ya lami na kuposti, nyie wote: "mapenzi matamu". Dereva wa semi akiongozana na mkewe kutoka Dar hadi Rusumo, maneno yanageuka: "kaenda kumlinda huyo, wivu tu".

Kwani mke anafanya nini njiani? Pale Benaco anashusha jiko la gesi, anasonga ugali kwenye kivuli cha tela, anafua, anahangaikia maji ya kuoga. Usiku wanabanana kwenye kitanda cha nyuma ya siti. Foleni ya mpakani isiposogea, kesho ni vilevile. Kamera hakuna.

Na njia hiyo siyo ya mchezo. Kuna miaka magari yalivuka mapori ya Biharamulo na Ngara kwa msafara wa askari, kisa majambazi.

Dereva akichepuka, mnasema mke kazubaa. Mke akipanda lori, mnamcheka. Sasa mnataka afanyeje? Mwacheni ale bata lake la vumbi na mumewe.